Mawe ya mizani ya NuSTAR: nani anaikagua huko juu?

SUALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika skuli moja ya sekondari hapa Wete. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wamesoma kuhusu NuSTAR, darubini ya eksirei kali iliyorushwa mwaka 2012. Mmoja wao, mtoto wa mkulima wa karafuu, kaniuliza jambo nikabaki nakuna kichwa. Anasema mizani ya kituo cha kuuzia karafuu hukaguliwa na bado watu hugombana. Hiyo darubini iko angani miaka yote hii na hakuna fundi anayeweza kuifikia. Tunajuaje kwamba ikisema fotoni hii, yaani chembe moja ya mionzi, ina nishati ya keV 68 (keV ni kipimo cha nishati, sawa na eV 1,000), kweli ni 68 na si 67? Na je, kazi hiyo sisi tunaweza kuifanya kwa mikono yetu, au ni ya wenye maabara tu?

JIBU: Waalaykumu salaam, Maalim. Mpe huyo kijana salamu zangu. Suali lake mimi nilikutana nalo nikiwa tayari nasomea shahada ya pili, tena nilikutana nalo kwa aibu, kama nitakavyosimulia mbele. Yeye kalipata kwenye foleni ya karafuu, na huko ndiko ninakotaka tuanzie.

Chukua mizani ya springi, ile ya kutundika gunia. Ina maradhi mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: haijatundikwa kitu, lakini mshale umekaa kwenye nusu kilo. Hapo kila gunia, liwe kubwa au dogo, litaongezewa nusu kilo ileile. La pili: mshale unaanza vizuri kwenye sifuri, ila springi imechoka na inanyooka kupita kiasi. Kilo 10 zinasomeka 10.2, kilo 50 zinasomeka 51. Hapa kosa linakua pamoja na mzigo. Sasa mkaguzi akija na jiwe moja tu la kilo 20, akalitundika, mshale ukasema 20.4, atajuaje ni maradhi yapi? Hawezi kujua. Yote mawili yanaweza kutoa jibu hilo. Anahitaji jiwe dogo na jiwe kubwa, na kadiri yanavyopishana uzito ndivyo anavyoona vizuri zaidi. Darasani wewe unaandika y = mx + c: c ni mshale uliokaa nje ya sifuri, m ni springi iliyochoka. Kwenye darubini za eksirei jambo hili huitwa gaini, na anayeisawazisha gaini kazi yake kubwa ni kutafuta mawe ya mizani.

Mizani yenyewe ikoje? NuSTAR ina seti mbili za vioo, na kila seti inalenga sehemu yake ya kupokelea mionzi, umbali wa mita 10 na kidogo, kwenye mlingoti uliokunjuliwa hukohuko angani. Kila sehemu ina vipande vinne vya fuwele iliyotengenezwa kwa kadimiamu, zinki na teluri. Kipande kimoja ni sentimita 2 kwa 2, unene wake milimita 2, kama biskuti ndogo ya mraba. Kimegawiwa pikseli 32 kwa 32, maana yake 1,024. Zidisha kwa vipande vinane upate 8,192. Kila pikseli ina kikuza-ishara chake, kwa hiyo mwambie kijana asifikirie mizani moja. Ni mizani 8,192 zilizotundikwa safu safu, kila moja na springi yake.

Fotoni ikiingia kwenye fuwele hung'oa elektroni na kuacha matundu yenye chaji chanya. Kila jozi moja ya elektroni na tundu hugharimu takriban eV 4.6, hivyo fotoni ya keV 60 hutoa jozi kama 13,000. Ndiyo chaji yote tuliyonayo, ndogo mno. Kikuza-ishara huikusanya na kutoa namba ghafi, na namba hiyo bado si keV. Ni alama tu ya mshale. Jedwali la gaini ndilo linaloigeuza kuwa nishati, kisha matokeo hupangwa kwenye chaneli zenye upana wa keV 0.04 kila moja. Kumbuka hiyo 0.04, tutairudia.

Kwa nini springi hii ichoke? Elektroni hukimbia vizuri ndani ya fuwele ya aina hii, lakini matundu hujikokota na mengine hunaswa njiani. Ni kama wachumaji walioshuka mikarafuuni: mpimaji akifunga daftari kabla wote hawajafika na pishi zao, hesabu ya shamba inapungua ingawa karafuu zimechumwa. Na fuwele haibaki vilevile. Chembe za mionzi ya angani zinaipiga mwaka hadi mwaka na kuitia dosari, na kila dosari ni mtego mpya wa chaji. Alama ya nishati ileile husogea chini pole pole, sehemu ndogo ya asilimia kwa mwaka. Joto nalo lina lake, kwa sababu vikuza-ishara havitoi namba ileile katika kila hali ya joto, na hilo huingizwa kwenye hesabu pia.

Njia ya setilaiti ilichaguliwa kwa makusudi ili kuipunguzia mapigo hayo. Mzunguko wake umeinama digrii 6 tu kutoka ikweta, kimo cha kama kilomita 600, ili ipite pembeni mwa lile eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe za mionzi hushuka karibu zaidi na dunia. Sasa tazama ramani. Digrii 6 kusini ni usawa wetu sisi. Mji wa Unguja uko kidogo tu kusini ya hapo, na Pemba yote imo ndani ya ukanda huo. Ina maana zipo nyakati mizani hii inapita juu ya paa la skuli yako, na muda mfupi baadaye inazungumza na kituo chake cha kupokelea data, ambacho kiko Malindi. Nasema Malindi ya Kenya, si Malindi yetu ya mjini. Ni kituo cha Wataliano, na pwani hiyohiyo ndiko ilikorushwa setilaiti ya mwanzo kabisa iliyojengwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei, tarehe 12 Disemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Wanafunzi wako wanastahili kulijua hilo kabla hawajajua jina la setilaiti nyengine yoyote.

Turudi kwenye mawe. Kabla ya kurushwa, mawe ni mengi na ya bei nafuu. Amerisiamu-241 hutoa mstari, yaani fotoni nyingi za nishati moja maalumu, wa keV 59.5, ndiyo ileile inayowekwa chembe yake ndani ya baadhi ya vifaa vya kugundua moshi darini. Kobalti-57 hutoa keV 14.4 na 122.1. Unamulika kitambuzi, unaona kilele kinatokea alama gani, unaandika m na c kwa kila pikseli. Lakini hiyo ni hali ya siku ile, na huwezi kumtuma fundi na amerisiamu mkononi miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo jiwe moja lilipakiwa safarini. Kila sehemu ya kupokelea mionzi ina chembe ya europiamu-155 kwenye mkono unaosogea. Kwa kawaida imefichwa. Siku ya ukaguzi, amri inatumwa kutoka ardhini, mkono unaisogeza mbele ya fuwele, na mistari miwili inajitokeza: keV 86.5 na keV 105.3. Hapa mwanafunzi makini atakubishia, kwa sababu NuSTAR inajulikana kufanya kazi kutoka keV 3 hadi 79, sasa 105 inaonekanaje? Mwambie kikomo cha 79 ni cha vioo, si cha kitambuzi. Vioo vimepakwa matabaka yenye platini, na platini hunyonya eksirei ghafla inapofika keV 78.4. Europiamu haipiti kwenye vioo. Iko mlango wa pili na fuwele.

Kuna jambo kuhusu jiwe hili ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Europiamu-155 inakufa: nusu ya atomi zake huisha katika muda unaokaribia miaka mitano. Kufikia 2022 ilikuwa imebaki takriban robo ya iliyokuwepo wakati wa kurushwa. Je, si jiwe lililoliwa na kutu hilo? Hapana. Jiwe la chuma likila kutu linapungua uzito na linakudanganya bila kukwambia. Europiamu hupungua idadi ya fotoni, lakini kila fotoni inayotoka ni ya keV 86.5 ileile ya siku ya kwanza, kwa kuwa nishati hiyo imeamuliwa ndani ya kiini cha atomi, si na umri wa jiwe. Hasara yake ni muda. Kazi iliyokuwa ya saa moja itataka saa nne ili kukusanya fotoni zilezile.

Na idadi ya fotoni ina maana kubwa. Kitambuzi hiki si kikali sana katika kutofautisha nishati: kwenye keV 68 kilele kina upana wa karibu keV 0.9. Watu husikia hivyo wakasema basi huwezi kujua mahali pa mstari kwa usahihi kuliko 0.9. Si kweli. Upana ni wa fotoni mojamoja. Ukiwa na fotoni 10,000, katikati ya kilele hujulikana mara mia bora zaidi, hadi sehemu chache za elfu za keV. Ni kama kupima gunia moja mara elfu kumi kwa mkono unaotetemeka: kila kipimo kinayumba, wastani hauyumbi.

Lakini mawe yote mawili ya europiamu yako juu kabisa ya mizani, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Kati ya 86.5 na 105.3 kuna keV 18.8 tu. Tuseme umekosea keV 0.05 katika kupima tofauti yao. Chora mstari, urefushe kushuka mpaka kwenye mstari wa chuma, karibu na keV 6.4, yaani umbali wa keV 80. Kosa lako limezidishwa kwa 80 gawa kwa 18.8: sasa ni keV 0.21. Kwenye keV 6.4 hiyo ni zaidi ya asilimia 3. Hakuna mtu anayefanya kazi na chuma atakayekubali.

Jiwe dogo linatafutwa nje basi, mbinguni. Mwaka 1604 Johannes Kepler aliangalia nyota mpya iliyowaka ikaonekana kwa macho. Ilikuwa supanova, yaani mlipuko wa nyota, na mabaki yake bado yana gesi ya moto iliyojaa chuma. Gesi hiyo inatoa mstari mkali kidogo juu ya keV 6.4, na darubini nyengine zenye macho makali zaidi eneo hilo, kama XMM-Newton, zimeshaupima. NuSTAR ikiutazama tena na tena kwa miaka, inapata jiwe dogo lisilobadilika. Ni jiwe la kuazima kwa jirani, nakubali, lakini jirani mwenyewe ameshakaguliwa.

Na katikati kuna mawe ya bure. Vitambuzi vimezungushiwa ngao ya fuwele ya sesiamu na ayodini, inayokamata chembe zinazoingia kwa ubavuni. Ngao hiyo ikipigwa huwaka yenyewe: ayodini karibu na keV 28.6 na sesiamu karibu na keV 31. Kwa mtafiti wa kawaida huo ni uchafu wa kuondoa, kama makonyo kwenye karafuu. Kwa msawazishaji ni nukta za tatu na nne, zinazomwambia kama mstari wake kweli umenyooka au umepinda katikati.

Tufanye hesabu moja ubaoni, kwa namba za mfano. Tuseme miaka kadhaa baada ya kurushwa, chuma cha Kepler kinasomeka palepale, 6.4, lakini europiamu ya 86.5 inasomeka 86.0. Mteremko mpya ni (86.5 − 6.4) gawa kwa (86.0 − 6.4), yaani 80.1 gawa kwa 79.6, ambayo ni 1.0063. Kisha c inatoka −0.04. Sasa umeona kilele kwenye 67.5. Zidisha, toa: 67.88. Hapo moyo wa mtu wa supanova unapiga, kwa sababu titani-44, inayozaliwa nyota ikilipuka, hutoa mstari kwenye 67.87. Angelitumia jiwe la juu peke yake, akazidisha kila kitu kwa 86.5 gawa kwa 86.0, titani ingetoka vizuri vilevile, 67.89, lakini chuma kilichokuwa sawa kingesukumwa hadi 6.437. Kosa limehamishwa tu, halikuondolewa.

Kwa nini tuhangaike na sehemu hizi ndogo? Kwa sababu nishati ya mstari husomwa kama mwendo. Gesi ikija kwetu mstari unapanda, ikienda zake unashuka, kwa uwiano wa mwendo wake na mwendo wa mwanga. Ile 67.5 isiyorekebishwa ingekwambia gesi inakimbia kilomita 1,600 kwa sekunde, na gesi yenyewe imekaa kimya. Kijana wako kauliza 68 au 67: tofauti ya keV 1 hapo ni kama kilomita 4,400 kwa sekunde. Mwaka 2015 Steven Boggs na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba titani-44 ya supanova 1987A imesogea kama inayotukimbia kwa takriban kilomita 700 kwa sekunde, ishara kwamba nyota ile haikulipuka sawasawa pande zote. Kilomita 700 ni keV 0.16. Ni chaneli nne tu za zile za 0.04. Tafsiri nzima ya jinsi nyota ilivyopasuka imesimama juu ya chaneli nne, na wao wenyewe ilibidi waijue gaini kabla ya kufungua mdomo.

Nikuonye jambo moja ambalo wanafunzi wangu hulikosea. Utasoma kwamba darubini za eksirei husawazishwa kwa Nebula ya Kaa, wingu la mabaki ya supanova nyengine. Ni kweli, lakini hiyo ni kazi nyengine. Spektra ya Kaa, yaani mgawanyo wa fotoni zake kwa nishati, ni laini, haina mstari wa kushika. Inakwambia vioo vinakusanya fotoni ngapi, haikwambii kila fotoni ina uzito gani. Mizani yenye sahani iliyotoboka na mizani yenye springi iliyochoka zote zinakosea, ila huzitengenezi kwa njia moja. NuSTAR ilipata tatizo la namna hii: blanketi la kuzuia joto upande wa A, mmoja wa zile seti mbili za vioo, lilichanika, fotoni dhaifu zikawa nyingi kuliko upande wa B. Mtu mwenye haraka angeishika gaini. Ukiona kiasi kimebadilika na mistari imekaa pahala pake, iache gaini yako.

Sasa ile aibu. Nilikuwa na chanzo kimoja kilichotazamwa mara mbili, miaka kadhaa mbali mbali, na mstari wake wa chuma ulikuwa umehama chaneli moja, keV 0.04. Kwa hesabu ya mwendo hiyo ni karibu kilomita 1,900 kwa sekunde. Nikakesha kwa kaka yangu Mwanakwerekwe, nikaandika kurasa tatu za upepo wa gesi uliogeuka, nikampelekea msimamizi wangu kabla ya alfajiri. Jibu lilikuwa mstari mmoja: "Jedwali la gaini la tarehe gani?" Nilikuwa nimesindika data ya pili kwa jedwali la zamani lililokuwa kwenye kompyuta yangu. Nikapakua jipya, nikaendesha tena, chuma kikarudi kwake. Tangu hapo kitu cha kwanza ninachotazama kwenye faili la mtu ni toleo la jedwali, hata kabla ya jina la nyota.

Kuhusu kufanya wenyewe: ndiyo, mnaweza. Data za NuSTAR ziko wazi kwenye hifadhi ya NASA iitwayo HEASARC, bila malipo. Programu zake ziko ndani ya HEASoft, nayo ni bure, na hukaa vizuri kwenye Linux. Hatua inayogeuza namba ghafi kuwa chaneli za nishati inaitwa nucalcpi. Pakueni data za mabaki ya Kepler, za mwanzo na za karibuni, mzisindike kwa jedwali jipya, kisha mpime mahali pa mstari wa chuma. Intaneti ya skuli ikiwa nzito, faili pakueni usiku.

Na wasiopata kompyuta wana kazi yao. Tundikeni springi ya maabara, pimeni mawe mawili, la gramu 50 na la gramu 500, mtoe m na c. Kisha acheni mzigo mzito unaning'inia juu yake tangu mwanzo wa muhula hadi mwisho, mpime tena. Msiwaambie wanafunzi kipi kitabadilika, m au c; waache wabishane. Mkipata jibu, mmoja wenu akishuka Unguja na boti aniletee grafu.